Kuutambua Ugonjwa wa Gari Kuukuu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa shule, Morogoro.



Barua ya Kamati ilieleza sababu ya kunichagua bila kuzunguka. Ilisema kwamba wengi wa wanachama wetu sasa wamestaafu; kwamba mtu akisha kupokea kiinua mgongo hununua gari lililokwisha kutumika; na kwamba gari hilo humaliza kiinua mgongo chote kabla halijamaliza tairi zake. Basi Kamati ikaomba fundi mmoja aje aseme neno. Fundi huyo ni mimi. Nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1976, nikaingia katika ufundi wa magari mwaka uliofuata, na sijautoka mpaka leo.

Sikuja kuwafundisha kufungua injini. Kazi hiyo hujifunzwa kwa mikono, si kwa hotuba. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi inayoitangulia hiyo, nayo ni kuujua ugonjwa kabla ya kushika spana. Katika maisha yangu nimeona magari mengi yakifa. Machache yaliuawa na ugonjwa wenyewe. Mengi yaliuawa na matibabu.

UHABA NA WINGI

Mji wetu ni mji wa barabara. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965, na Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta, malori yalianza kupita hapa yakiwa na mapipa ya mafuta kwenda Zambia. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, hata wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Penye malori mabovu hapakosi mafundi. Wazee walionifundisha mimi kazi walijifunza chini ya malori yale.

Nilipoanza kazi, vipuri vilikuwa adimu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977. Vita vya Kagera vikaja mwaka 1978. Fedha za kigeni hazikuwapo. Mwenye Peugeot 404 aliyehitaji seti ya plagi alimngoja ndugu yake baharia arudi. Katika hali ile hukuweza kubahatisha. Kipuri ulichokitafuta miezi mitatu, ukikifunga mahali pasipohusika, umekwisha. Kwa hiyo tulipima kwanza, tukapima tena, ndipo tukafungua.

Mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Leo unapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, na kipuri kinafika Msamvu kwa basi kabla ya jioni. Hii ni neema, wala sitaki turudi nyuma. Lakini neema hii imeleta tabia mpya. Gari likikohoa, fundi anasema, "Tubadilishe hiki." Likiendelea kukohoa anasema, "Basi tubadilishe na hiki." Anayelipa ni mwenye gari. Uhaba ulitulazimisha kupima. Wingi umetuzoesha kubahatisha. Hilo ndilo neno langu kuu siku ya leo, na mengine yote nitakayosema ni mifano yake.

MASWALI MATATU

Wenzangu wa miaka ile mtalikumbuka lori la shule lililokuwa likibeba mahindi kutoka shamba letu la Kujitegemea. Dereva wake hakuwa na cheti chochote cha ufundi, lakini lori lile lilitembea miaka mingi kuliko ilivyotazamiwa. Likigoma, mzee yule hakukimbilia sanduku la vyombo. Alikaa juu ya jiwe akauliza maswali matatu: Linaumwa nini? Limeanza lini? Kabla ya kuanza kuumwa, liliguswa wapi?

Nimefanya kazi hii karibu miaka hamsini na sijapata chombo kilicho bora kuliko maswali hayo.

Nitatoa mfano. Aliletwa kwangu Peugeot 504 aliyekuwa hawashiki. Nasema "aliletwa" kwa sababu mwenyewe alimpenda kama mtu. Ukizungusha ufunguo unasikia mlio mmoja, ta! halafu kimya. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua betri mbili mpya na stata moja. Nikamwomba awashe taa kubwa, kisha azungushe ufunguo. Taa zikabaki na mwanga wake wote. Maana yake betri ina nguvu, ila nguvu haifiki kwenye stata. Kama taa zingezimika kabisa, ningeishuku betri yenyewe au vichwa vyake.

Ndipo nikauliza swali la tatu. "Kabla ya hapo liliguswa wapi?" Akasema halikuguswa popote, ila lilipakwa rangi. Nikamwambia, "Hapo ndipo lilipoguswa." Mpaka rangi alikuwa ameufungua ule waya mnene unaounganisha injini na bodi, akapulizia rangi, kisha akaufunga juu ya rangi mbichi. Umeme unaokwenda kwenye stata ni lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni waya ule. Rangi haipitishi umeme. Nilikwangua kwa msasa mahali padogo kama sarafu, nikakaza bolti, gari likawaka. Betri mbili na stata moja zilinunuliwa kwa sababu ya tone la rangi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkienda kwa fundi msiseme, "Badilisha stata." Hiyo ni kumwandikia daktari dawa. Mwelezeni dalili: linafanya hivi, likiwa baridi au likiwa la moto, likipanda au likishuka, tangu siku fulani. Wala msimfiche kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua.

MAHITAJI MANNE YA INJINI

Injini ya petroli ina mahitaji manne tu: hewa, mafuta, cheche, na mgandamizo, na kila kimoja kifike kwa wakati wake. Injini isiyowaka imekosa kimojawapo. Anza na kilicho rahisi kupima na kisichogharimu kitu. Cheche inaonekana kwa macho. Mafuta yananuka. Chujio la hewa hufunguliwa kwa vidole, na kwa gari lililokuwa likipita vumbi la Mvuha au Kinole hapo ndipo pa kuanzia.

Injini ikiwa na misi, yaani silinda moja haifanyi kazi, kwa gari la zamani lenye distributa unang'oa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma, kwa koleo lenye mpini wa mpira. Ukitoa waya na injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ni nzima, rudisha waya. Ukitoa waya na hakuna kinachobadilika, umemkuta mvivu. Kwa magari ya sasa yenye koili juu ya kila plagi msifanye hivyo, mtaunguza koili. Zima injini kwanza, chomoa soketi, ndipo uwashe usikilize.

Ukisha kumjua mvivu, usiseme "plagi" papo hapo. Hamisha plagi yake kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki palepale, plagi haina kosa. Hesabu hii haihitaji hata senti.

Mwisho ni mgandamizo, ambao hupimwa kwa geji. Silinda ikiwa dhaifu, tia ndani yake kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, oili imeziba kwa muda nafasi iliyoachwa na ringi zilizokwisha. Kisipopanda, tazama valvu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, ishuku gasketi iliyo katikati yao. Vipimo hivyo viwili huchukua nusu saa, na vinakuambia kama unahitaji kufungua injini yote, au hedi peke yake, au hapana kabisa.

KUPANDA

Sasa tupande mlima, kwa maana mlima ndio mtihani wa gari katika mkoa huu. Gari linaweza kuzunguka mjini mwaka mzima, kutoka Kihonda kwenda sokoni na kurudi, likaonekana zima. Litoe barabara kuu pale Sangasanga, lipite Mlali, kisha lianze kupanda kuelekea Mgeta, Langali na Nyandira likiwa na mzigo. Hapo litasema kila kilichomo moyoni mwake.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ameniruhusu niyaseme haya bila jina lake, alitia kiinua mgongo chake katika pikapu ya Toyota ya mwaka 1989. Nia yake ilikuwa kushusha kabichi, karoti na njegere kutoka Nyandira mpaka soko la Morogoro. Gari lilichemsha safari ya kwanza. Lilichemsha ya pili. Alikuwa akisimama kwenye kona, anafungua boneti, anangoja, na mzigo aliokuwa akiufuata huko juu unanunuliwa na wengine. Aliipeleka gereji moja, wakabadilisha rejeta. Gereji ya pili walibadilisha pampu ya maji na thamostati. Ya tatu walifungua silinda hedi, wakaipeleka kuchongwa, wakatia gasketi mpya. Kila mara walimwasha pale uwanjani nusu saa nzima, sindano ya joto ikatulia katikati, wakamkabidhi ufunguo. Kila mara lilichemsha palepale mlimani. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kupata mtu wa kulinunua kwa bei ya vyuma chakavu.

Nikamwuliza maswali ya mzee wa lori. Linaumwa nini? Linachemsha. Lini? Likipanda kwa nguvu, gia namba mbili, mafuta yamekanyagwa. Likiwa limetulia? Halichemshi kamwe. Basi nikajua kwamba wote watatu walilipima wakati lilipokuwa halina ugonjwa.

Kabla ya kufungua chochote nilikwenda kwa utaratibu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilifungua mfuniko wa rejeta nikaiwasha: hakuna mapovu yaliyokuwa yakitoka mfululizo, kwa hiyo gesi ya silinda haiingii kwenye maji. Nikatazama oili: haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayaingii kwenye oili. Nikatazama mfuniko wenyewe. Vijana, mfuniko huu ni valvu, msiudharau. Ulioandikwa 0.9 unayaweka maji chini ya shinikizo hata yasichemke mpaka nyuzi 118 hivi, badala ya 100. Nasi tunaoishi chini ya Uluguru tukumbuke kwamba kila ukipanda mita 300, maji huchemka mapema kwa nyuzi moja. Gari lenye mfuniko mbovu linaweza kufika Dar es Salaam salama, likachemsha kabla ya kufika Langali. Wa Mwalimu ulikuwa mzima.

Ndipo nikamwambia kijana wangu akanyage mafuta, injini iunguruме kama inavyounguruma mlimani, na mimi nikainama na tochi kutazama hosipaipu ya chini, ile inayotoa maji kwenye rejeta kuyapeleka kwenye pampu. Injini ilipotulia, mpira ulikuwa wa duara. Injini ilipopanda, mpira ukajibana ukawa bapa kama mkanda. Akaachia mafuta, ukafunguka. Mara tatu tulifanya hivyo, na mara tatu Mwalimu alitazama kwa macho yake.

Maelezo yake ni mepesi. Upande wa chini pampu huvuta maji. Mpira mzee ulishakuwa laini, na ile springi ya waya inayokaa ndani yake kuuzuia usijibane ilikuwa imeoza na kutoweka. Kadiri injini ilivyohitaji maji mengi, ndivyo mpira ulivyomkaba koo. Pampu mpya ilivuta kwa nguvu zaidi, ikauzidishia ugonjwa. Hosipaipu ile pamoja na springi yake ilinunuliwa kwa bei ya kuku wawili.

Silaumu mafundi wale kwa kukosa vyombo, maana hata mimi nilitumia tochi tu. Ila ugonjwa wa kupanda hupimwa kwa kupanda, au kwa kuifanya injini idhani inapanda.

Nina onyo moja hapa. Gari likichemsha njiani, msifungue mfuniko. Nimeona nyuso zilizoungua. Ngojeni mpaka muweze kushika rejeta kwa mkono. Wala msimwage maji ya kijito, ambayo hapa kwetu hutoka mlimani yakiwa baridi kabisa, juu ya injini inayowaka moto. Chuma hupasuka.

KUSHUKA

Hadithi ya Mwalimu haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo ninayotaka vijana mwisikilize zaidi.

Tulimaliza kufunga mpira ule saa nane mchana. Mwalimu alifurahi mno, akapiga simu Nyandira papo hapo kwamba anakuja kupakia jioni. Nikamwuliza, "Breki zilitazamwa lini?"

Akasema, "Fundi, breki hazina neno. Mjini zinashika vizuri."

"Umewahi kushuka mlima na mzigo uliojaa?"

Akafikiri. "Sijawahi. Halijapata kufika juu."

"Basi, Mwalimu, leo gari halitoki."

Alikasirika. Alisema watu wamekwisha kukata kabichi, zinaoza, na jina lake litaharibika. Nikamwambia kabichi huota tena. Alikaa kwenye benchi bila kusema nami kwa muda wa saa nzima. Ni mtu mzima, na amewafundisha watoto wangu. Halikuwa jambo jepesi kwangu kumshikia ufunguo.

Tulifungua magurudumu ya nyuma. Wili silinda ya upande wa kushoto ilikuwa inavuja, na breki shuu zilikuwa zimelowa. Mafuta ya breki kwenye kikopo yalikuwa meusi kama kahawa. Nitaeleza maana ya weusi huo. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo kila mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakisha kunywa maji ya kutosha, kiwango hicho huweza kushuka mpaka nyuzi 140. Ukishuka mlima mrefu na mzigo, mguu umekaa juu ya pedali, breki huwa moto, joto linaingia kwenye mafuta, na ule unyevu unageuka mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Kona moja pedali ilikuwa ngumu, kona inayofuata inazama mpaka chini. Watu husema, "Breki zimekatika ghafla." Hazikukatika ghafla. Zilikuwa zikijiandaa miaka mitano, na mjini hakuna kilima cha kuzifichua.

Tulifunga wili silinda mpya pande zote mbili, tukabadilisha shuu, tukamwaga mafuta yale yote, tukatia mapya na kutoa upepo gurudumu baada ya gurudumu. Mwalimu aliondoka kesho yake alfajiri. Alinipigia simu jioni kutoka sokoni. Hakuzungumza habari za joto wala rejeta. Alisema, "Fundi, kule kushuka ni kurefu." Nikamjibu, "Naam."

Basi shikeni dalili za breki. Pedali laini kama sponji ina hewa ndani. Pedali inayozama polepole ukiikanyaga bila kuachia ina mvujo, au masta silinda imechoka ndani. Pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami, itazame busta na mpira wake wa upepo. Gari likivuta upande mmoja, simama baada ya mwendo, karibisha kiganja kwenye kila rimu bila kuigusa. Iliyo ya moto kuliko nyingine, breki yake imeng'ang'ania. Iliyo baridi, breki yake haifanyi kazi. Na dereva ajue kwamba katika mteremko gia ndiyo breki ya kwanza. Gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe. Anayeweka frii ili kuokoa mafuta, iwe Mgeta au Kitonga kule Iringa, anaokoa petroli ya shilingi chache kwa roho za watu.

MOSHI

Mteremko huo huo utawafundisha kusoma moshi. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha kupata moto, na maji yanapungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ila muulize unatoka lini. Ukitoka wakati wa kupanda, ringi zimechoka. Gari likishuka kwa gia kitambo, kisha ukikanyaga mafuta pale bondeni likatoa wingu moja la buluu na kunyamaza, sili za valvu ndizo zilizokufa, kwa sababu wakati wa kushuka injini huvuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia hapo. Gharama ya sili haifanani hata kidogo na gharama ya ringi. Mwenye gari asiyejua tofauti hiyo ataambiwa anunue injini nyingine.

MASHINE ZA KISASA

Vijana watasema, "Mzee, siku hizi kuna mashine. Unachomeka, inakuambia ugonjwa." Ninayo, na ninaitumia. Marekani iliamuru magari yote mapya yawe na soketi ya namba za hitilafu za aina moja tangu mifano ya mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Ni chombo kizuri. Lakini kinatoa dalili tu. Sababu ni juu yako kuitafuta. Mashine ikiandika P0171, inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi kwamba sensa imekufa. Yawezekana mpira wa hewa umepasuka, au chujio la mafuta limeziba, au pampu imechoka, au sensa ina vumbi tu. Kubadilisha sensa kwa sababu mashine imeitaja ni kubahatisha kulekule, ila kwa bei kubwa zaidi. Maswali matatu ya mzee wa lori bado yanatakiwa.

KABLA YA KUNUNUA

Kwa wanaotarajia kununua, nasema hivi kwa ufupi. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna jambo linalofichwa. Injini baridi husema kweli: sikiliza inavyowaka, tazama moshi wa kwanza. Vuta kijiti cha oili, fungua mfuniko wa maji ungali baridi. Tazama chini ya gari pale lilipolala. Tazama tairi: zilizolika upande mmoja zinakueleza habari za boljointi, bushi, au fremu iliyopinda. Zungusha usukani mpaka mwisho, uendeshe polepole kwa duara. Ukisikia ta-ta-ta-ta, ni jointi za ekseli za mbele. Kisha, baada ya hayo yote, lipeleke mlimani. Njia ya Bigwa kuelekea Kinole inatosha. Muuzaji akikataa mlima, hilo ni jibu. Na msitumie fedha zote kununua. Wekeni akiba ya mipira, mikanda, mafuta yote, na breki. Gari kuukuu hununuliwa mara mbili: siku ya kulipa, na mwezi wa kwanza.

KWENU VIJANA

Wapo kati yenu watakaokwenda vyuo vikuu, nami nawaombea heri. Wapo watakaoshika spana. Wasijione wamebaki nyuma. Mkazi mmoja wa Dar es Salaam, Bert Shankland, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo walimu na mabwana shamba walikuwa nalo. Gari la kawaida likijulikana vizuri hufika mbali.

Hata asiyeshika spana atapata mambo yanayogoma: pampu ya maji ya kijiji, hesabu za ofisi, mgonjwa kitandani. Aulize linaumwa nini, limeanza lini, liliguswa wapi. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Na asikabidhi kazi kabla hajaijaribu mahali ilipokuwa ikishindwa.

Ndugu Mwenyekiti, sikutaka nije mikono mitupu. Ninayo injini moja ya petroli ya silinda nne ambayo haiwezi tena kuingia katika gari, lakini kila kipande chake kipo. Nimeiwekea fremu ya chuma yenye magurudumu. Naitoa kwa shule, pamoja na geji ya mgandamizo na spana seti moja, na Jumamosi moja ya kila mwezi nitakuja mwenyewe. Nitaitia ugonjwa kabla sijafika, na vijana watautafuta. Sharti langu ni moja: hakuna atakayeshika spana kabla hajaandika ubaoni anachodhani, na kwa nini anadhani hivyo.

Wenzangu wenye magari yaliyolala chini ya miembe, shime, leteni vipande.